Moshi Uliofunika Bango la Maziwa

Niliunganisha tabaka zote kuwa picha moja, nikahifadhi, nikafunga programu, kisha nikaenda kupika chai huku nikijisifu. Aliyewahi kuhariri picha kwenye kompyuta ameshashika kichwa. Kwa wengine nieleze: tabaka ni kama karatasi za nailoni zilizolaliana, hii ina maandishi, ile ina rangi, na kila moja unaisogeza peke yake. Ukishaziunganisha na kufunga, basi umesonga ugali, usiombe tena unga wako.

Picha yenyewe ilikuwa bango la jirani yangu hapa mtaani Chechelesi, mama anayeuza maziwa ya ngamia. Alikuwa anahama kutoka kando ya barabara, walikomzoea wateja, kwenda kibanda kilichojificha nyuma ya maduka ya nguo. Bila bango wangepita tu, wakanunue kwingine. Aliniomba neno moja na mshale. Mimi, ambaye siku hizi safari yangu ndefu zaidi ni kutoka kitandani hadi kwenye soketi ya kuchajia kompyuta, nikamwambia aniachie, nitamtengenezea kitu cha kisasa.

Maziwa yake hunukia moshi, kwa sababu vyombo hufukizwa kabla ya kutiwa maziwa. Nikaona hapo ndipo penye sanaa. Mtandaoni kulikuwa na video ya mafunzo ya moshi wa kubuni, mistari myembamba inayojikunja kama shashi kwenye upepo. Jamaa wa video alichora mstari mmoja, akaupinda, akaunakili, akauzungusha kidogo, akaufifisha, akarudia. Hata jasho hakutoa. Moshi wangu wa kwanza ulitoka kama nywele zilizoziba sinki. Wa pili ulikuwa utumbo. Nikaongeza mwanga, ukawa utumbo unaong'aa.

Siku ya tatu, sijui nilibonyeza nini, moshi ukatokea, laini, wa kupendeza kabisa. Kwa furaha nikafanya ule upuzi wa kuunganisha. Chai mkononi, nikafungua picha niitazame tena, ndipo nikaona mshale unaelekea kushoto, kwa bucha ya jirani. Kibanda kiko kulia.

Nikageuza picha nzima. Mshale ukatii, lakini maandishi nayo yakageuka, MAZIWA ikasomeka kinyumenyume. Nikajaribu kuufuta mshale, nikatoboa moshi. Nikaanza upya, utumbo ukarudi, ikabidi niifungue tena ile ya kwanza. Nilitukana kompyuta, nikatukana jamaa wa video, nikabaki mimi tu wa kutukanwa.

"Salaam aleikum," jirani akaita mlangoni. "Bango yangu iko wapi? Kesho nahama."

"Aleikum salaam, mama. Imebaki kidogo tu."

"Kidogo ile ya juzi ama kidogo mpya?"

Akaingia, akainama mbele ya kompyuta, akakaza macho kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Hii ni nini, nyoka?"

"Ni moshi, mama. Ule wa maziwa yako."

"Na huu mshale?"

Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho wa kioo, akanigeukia.

"Mtu akiona hii atasema kibanda yangu inaungua, na akitaka kuja kuzima ataenda kwa bucha. Toa hiyo uchafu yote, andika maziwa, mshale uelekeze kwangu, na ufanye sasa hivi nikiwa nimesimama hapa."