Shangazi na Kurasa Kumi na Moja za Triga

Shangazi yangu, kazini wanamwita Injinia, ana miaka mitatu hajaenda likizo. Hajanyimwa, ila akitoka tu simu inalia! Yeye ndo anayejua mfumo wa kompyuta wa kliniki ya watoto. Humo ndani kuna vijiprogramu vinaitwa triga. Ukiandikisha mtoto ukabonyeza hifadhi, triga inaamka yenyewe, inakagua, inafanya yake. Ziko kumi na moja, na zote zilikuwa kichwani mwa Shangazi.

Sasa bibi, mama yake anayeishi mkoani, akapangiwa kupasuliwa jicho, Alhamisi. Akasema, "Bila binti yangu sipandi kitanda cha mtu." Bibi akishasema, amesema.

Shangazi akaenda kuomba ruhusa. Mkuu wake akamwambia, "Nenda. Ila Jumanne Kope akae na mfumo peke yake asubuhi nzima. Akikupigia hata mara moja, unabaki."

Kope ni karani wa mapokezi, kope ndefu hizo, utadhani feni. Basi Shangazi akaandika maelezo, kila triga na ukurasa wake. Alivyojivunia! Kope akasoma: "Uzito ukizidi kiwango, triga hurudisha utupu."

"Injinia, huo utupu ndo nini? Unarudi kwa nani?"

"We soma tu, utaelewa."

Jumanne saa nne, simu hiyo. Shangazi alikuwa chumba cha pili na chai yake. Akaiangalia ikilia kama anaangalia nyoka.

"Nisamehe jamani," Kope akaanza. "Nimemwandikisha huyu mtoto mara nne. Mashine inakubali, halafu kwenye orodha hayupo! Mama yake ananiangalia kama mchawi."

Shangazi akaja, akatazama. Uzito: kilo 32. Kichanga! Kope alisahau nukta, ilikuwa 3.2. Triga ikaona huyo si mtoto, ikamtupa kimyakimya; ndo huo utupu. Hakuna ujumbe mwekundu, hakuna kengele, hakuna nini.

Mkuu akatokea mlangoni. "Si nilisema? Huyu hawezi."

Na hapa ndo nampendea Shangazi. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa Kope. Akasema, "Anaweza, Mkuu. Ukurasa wangu ndo hauwezi. Niliandika triga inafanya nini, sikuandika yeye ataona nini. Nipe kesho moja tu."

Mkuu akaguna. "Kesho. Basi."

Kuibadilisha triga yenyewe kunahitaji kibali, wiki mbili hizo. Karatasi hazihitaji kibali. Mchana kutwa Shangazi akavuta kiti kwenye meza ya Kope. Kope anakosea makusudi, Shangazi anauliza, "Umeona nini?" anaandika hivyohivyo. Ule ukurasa sasa ukawa hivi: "Umehifadhi, mtoto hayupo kwenye orodha, na hakuna ujumbe wowote? Hujaharibu kitu. Triga imemkataa. Usirudie kuandika. Angalia uzito, nukta ipo? Kisha tarehe ya kuzaliwa, isiwe ya kesho."

"'Hujaharibu kitu,'" Kope akasoma kwa sauti. "Hiyo uiandike kwa wino mzito!"

Jumatano Shangazi alikuwa na simu mkononi kama kaigandisha kwa gundi. Saa nne kimya. Saa tano kimya. Akaizima akaiwasha, akidhani mtandao umekata. Saa sita Kope akaingia na kurasa zake, zimejaa kalamu.

"Mtoto mmoja kapotea, nimemrudisha mwenyewe. Ila ukurasa wa saba, dada yangu, umeandika kama unagombana na mtu. Nimekurekebishia pembeni."

Shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Mkuu akasaini ruhusa, na jioni ileile tukampeleka stendi. Alhamisi asubuhi akatutumia picha: bibi kitandani, kofia ya karatasi kichwani, kanuna kwelikweli, kamshika Shangazi mkono.