Nguvu Alizozifunga Baba

Lori letu lilikuwa linachekwa mjini. Likipanda mlima wa Lyamba lya Mfipa na mpunga kutoka Kaoze, kule bondeni, watu walisema mwenye haraka ashuke atembee. Na ilikuwa kweli. Niliwahi kushuka kwenye kona ya pili, nikatangulia kwa miguu, nikakaa juu ya jiwe kulisubiri. Lilifika likinguruma na kutoa moshi, na abiria wa gari lililokuwa nyuma yetu wakanipungia mikono kama vile nimeshinda mbio.

Nyumbani kwetu biashara ni ya ukoo: duka la vipuri hapa Sumbawanga na lori moja. Wanaume walisafiri na lori, wanawake walikaa dukani. Mimi nilikwenda Mbeya kusomea ufundi wa magari, nikarudi na cheti. Baba akakisoma chote, mbele na nyuma, akasema, "Hongera mama," kisha akanionyesha kiti cha nyuma ya kaunta. Nilikikalia mwaka mzima. Niliuza nozeli na gasketi kwa mafundi walionieleza jinsi zinavyofungwa, na mimi nikawajibu kwa adabu kwamba najua.

Baba mdogo, ambaye ndiye dereva wetu, ndiye aliyeanza kusema lori liuzwe. Injini imechoka, alisema. Fundi wetu wa siku nyingi, mzee wa Matai asiyependa maneno mengi, akaifungulia pampu itoe dizeli zaidi. Moshi ukazidi kuwa mweusi, maji yakaanza kuchemka, na mwendo ukabaki uleule.

"Dizeli haina kosa," nilimwambia baba mdogo. "Injini inakosa pumzi. Turbo haiisukumii hewa ya kutosha."

"Turbo ni nzima. Huisikii inavyopiga mluzi?"

"Naisikia. Nataka kuipima."

Nilifungua geji ya presha ya hewa kwenye kompresa mbovu iliyokuwa uani, nikaunga kimpira chembamba kwenye bomba la hewa linaloingia kwenye injini, nikakipitisha dirishani mpaka ndani ya kebini. Tukapakia mahindi, tukaelekea barabara ya Matai. Kwenye kila mwinuko mshale ulipanda kidogo, halafu ukasimama palepale hata baba mdogo akikanyaga mafuta mpaka chini. Kitabu cha injini kilisema upande karibu mara mbili ya pale. Nilipaka mabomba yote maji ya sabuni, sikuona povu hata moja. Hewa haikuwa inavuja. Kuna kitu kilikuwa kinaizuia turbo isifanye kazi yake yote.

Kwenye turbo kuna kijilango kinachoachia moshi wa injini upite pembeni, ili turbo isizidishe nguvu. Fimbo fupi ndiyo inayokivuta kibaki kimefungwa. Nilipolala chini na tochi niliikuta fimbo ile imerefushwa, kwa hiyo kijilango kilikuwa kinafunguka mapema mno. Nati yake ilikuwa imepigwa nukta ya welding isiweze kurudishwa. Kutu ilikuwa imeifunika. Hiyo ilikuwa kazi iliyofanywa miaka mingi nyuma.

Nilimwita fundi. Akainama, akatazama, akajifuta mikono taratibu.

"Kamuulize baba yako," alisema.

Nilimkuta baba barazani, ametoka kuswali alasiri. Nilimwamkia, nikamweleza nilichokiona. Hakushangaa.

"Nilizifunga mimi hizo nguvu," alisema. "Fundi alinifanyia."

Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Dereva wetu wa kwanza, kijana wa kijiji cha Kate, alikuwa anapenda kushindana mlimani. Siku moja alilipita lori la mwenzake kwenye kona na kukutana na jingine linashuka. Baba ndiye aliyeupeleka mwili Kate kwa mama yake. Aliporudi alimwambia fundi alifanye lori lisiweze kumpita mtu tena.

"Lori lisilo na mbio haliui," alisema.

Nilimwonea huruma, na nilikasirika. Vyote viwili vilinishika pamoja, na hasira ndiyo iliyotangulia kusema.

"Linaua, baba. Likishindwa katikati ya mlima linarudi nyuma. Muulize baba mdogo kuhusu masika yaliyopita."

Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Akakiri kwamba lori lilizimika kwenye kona ya nne, likarudi nyuma na shehena yote, naye akalielekeza kwenye ukuta wa udongo likasimama hapo. Sisi wote tuliambiwa taa ya nyuma ilivunjika sokoni, ila mimi nilipolala chini na tochi nilikuta udongo umegandamana nyuma ya bampa.

Baba akaniambia, "Hutaligusa."

"Nitaligusa, baba. Kesho asubuhi."

Sikuwahi kumjibu hivyo maishani mwangu. Mama aliita jina langu kutoka ndani, mara moja tu, na mimi sikuomba radhi.

Asubuhi nilisaga ile welding. Nilirudisha fimbo mahali pake, nikamwambia fundi airudishe pampu kwenye alama yake ya zamani, naye akairudisha bila kunibishia. Madereva vijana waliokuwa uani walisogea kutazama.

"Dada, ongeza kidogo basi, lipae," mmoja alisema.

"Sipandishi zaidi ya kitabu."

"Sasa faida yake nini?"

"Faida yake lirudi nyumbani."

Wakacheka. Niliwaacha wacheke. Baba alikuwa amefika, amevaa koti kwa ajili ya upepo. Nilipofunga boneti akauliza nani atakwenda nalo Kaoze.

"Mimi. Baba mdogo atakaa pembeni."

Leseni ya malori nilikuwa nayo, ila hakuna aliyewahi kuniuliza. Tulishuka bondeni, tukapakia mpunga, na kesho yake mchana tukaanza kupanda. Mshale ulipanda mpaka pale kitabu kiliposema, ukatulia hapo. Moshi haukuonekana kwenye kioo. Kwenye kona ya nne baba mdogo alishika dashibodi kwa mikono miwili, na lori likapita bila kusita, nami sikumpita mtu yeyote, ingawa ningeweza.

Baba alitupokea getini. Aligusa boneti, akaangalia kama maji yamepungua.

"Kona ya nne mlipanda na gia gani?"

"Ya tatu."

"Sisi tulikuwa tunapanda na ya kwanza." Akafikiri. "Usije ukatia ya nne pale."

"Barabara ikiruhusu na lori likiitaka, nitaitia."

Baba akaingia dukani na kukikalia mwenyewe kile kiti changu cha nyuma ya kaunta.