Kozi haikunifundisha shikamoo

Leo huko Kimwani programu yangu imeambiwa haina adabu.

Mwaka mzima nimejifunza kuandika programu mtandaoni, chumbani kwangu Miembeni, Bukoba, mpaka nikaanzisha kakampuni. Mkulima anatuma ujumbe, anajibiwa nani ananunua kahawa leo na wapi. Basi.

Wateja wa kwanza ni kikundi cha akina mama wakulima wa Kimwani. Mwenyekiti wao, Mama Koku, akaandika taratibu: "Habari za leo mwanangu? Nyumbani hawajambo?"

Programu ikamjibu: "Jibu si sahihi. Chagua 1 au 2."

Akalaza simu mapajani.

"Huyu wako hakufunzwa kwao?"

Wote wakanigeukia mimi. (Mama yangu asione hili chapisho.)

Nikaomba dakika kumi, nikakaa kwenye benchi na laptop, nikaifundisha salamu. Alipojaribu tena ikamwambia: "Shikamoo mama, waitu. Za nyumbani?" (Hiyo "waitu" ni neno letu la heshima la Kihaya.)

Jamani, alivyotabasamu. Akaitikia marahaba, akaieleza habari za mvua, migomba, na ng'ombe wake anayekaribia kuzaa. Wenzake wote wakajiunga hapo hapo.

Sasa narudi Bukoba nikisoma ujumbe unavyoingia. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye kahawa. Bado wanaisalimia.

Wahaya wenzangu, salamu zetu huwa zinaishia wapi? Nahitaji kuiambia mashine.