Tulipiga hodi kwenye gofu la Ras Al Khaimah, tukaitikiwa kwa Kiswahili

Nyumba haina paa upande mmoja. Mlango ulishaliwa na chumvi. Wenye mji walihama kabla mimi sijazaliwa.

Tulisimama nje tukapiga hodi kwa Kiswahili, na sauti ikajibu kutoka ndani: "Karibuni."

Wakuu, habari za mihangaiko. Naandika nikiwa na akili timamu, sijanywa kitu, na sina ninachouza. Majina ya wenzangu nimebadilisha, sababu mtaiona mbele. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mlinzi kwenye maghala ya Jebel Ali na nimezoea kuandika ripoti za matukio, kwa hiyo nitakwenda kwa mpangilio. Mniwie radhi kama nitakuwa mrefu.

Ikifika mwisho wa Oktoba Dubai hubadilika. Joto linapungua, watu wanaanza kutoka nje, na maduka yanajaa maboga ya plastiki, mifupa ya bandia na buibui wa sponji. Halloween si sikukuu ya Waarabu wala si yetu, lakini ukiingia mall utadhani ndiyo Idi.

Rafiki yangu Mwanaisha, mtu wa Lamu, yuko mapokezi kwenye hoteli moja Al Rigga. Mwaka huu meneja wao aliwagawia kofia za kichawi wavae kazini. Alinipigia simu amewaka.

"Kaka, mimi nimetoka kwetu na heshima zangu. Mamangu akijua huku nakaribisha wageni na kofia ya mchawi, atanisomea Albadiri!"

"Si uivue?"

"Niivue, halafu viza unipe wewe?"

Mtu wa tatu ni Kevo, Mkenya wa Nakuru, dereva wa watalii. Wazo lilikuwa lake. Alisema msimu huu wageni wake wengi wanataka kupelekwa Al Jazirah Al Hamra, mji wa kale wa wavuvi kule Ras Al Khaimah, mwendo wa kama saa moja kutoka Deira. Watu wake walihama zamani wakaacha nyumba, misikiti na visima. Sehemu imekarabatiwa, sehemu bado ni magofu. Ukitaja majini mbele ya mtu yeyote aliyekaa nchi hii, mji huo ndio wa kwanza kutajwa.

"Nimepeleka watu huko mpaka basi," Kevo alijigamba. "Wazungu, Wahindi, Wafilipino. Nyinyi tu ndio mmebaki."

"Na wewe ndani umeshaingia?"

"Mimi hukaa kwa gari, bro. AC iko, muziki iko. Hao majini wakinitaka watanikuta parking."

Siku zetu za off zikaangukia pamoja. Tukaondoka baada ya chakula cha mchana.

Tulipofika, upande wa mbele kulikuwa na watu wengi tu. Vijana wamejipaka damu ya bandia, wanapiga picha, kijana mmoja ana meno ya plastiki na anakula chipsi kwa shida. Hakukuwa na cha kutisha. Tukasogea upande wa magofu, ambako watu walikuwa wachache, halafu hawapo kabisa. Kevo tulimtania mpaka akaona aibu kubaki garini, akatufuata.

Nilikuwa narekodi video kwa simu, ya kuweka status. Naomba muikumbuke hiyo video.

Cha kwanza kunishangaza hakikuwa jini. Zile nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Aliyewahi kufika Lamu au Mji Mkongwe atanielewa. Mwanaisha aliweka kiganja juu ya boriti moja.

"Hizi zetu," akasema. "Babu yangu alikuwa akizikata, zinapakiwa kuja Arabuni. Mti umefika hapa kabla yangu, na wala haukuulizwa kafeel wake, mdhamini wake, ni nani."

Nadhani ndiyo maana alifanya alichofanya baadaye. Tulifika kwenye nyumba moja yenye ua katikati na vyumba kuuzunguka. Badala ya kuingia tu kama tulivyoingia nyingine, akasimama pale mlango ulipokuwa, akavuta mtandio wake vizuri, akaita:

"Hodi!"

Kevo alicheka mpaka akainama. "Unapigia nani hodi? Caretaker alienda na funguo!"

"Nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Kwani wewe umelelewa wapi?"

Akapiga ya pili. Kimya. Kwetu hodi ni tatu, ya tatu isipoitikiwa unageuza. Nilishaanza kugeuka.

"Hodi!"

"Karibuni."

Wakuu, ilikuwa sauti ya mwanamke. Haikuwa ya kunong'ona wala ya kutisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuna nazi jikoni na hataki kuinuka.

Kevo sikumwona akiondoka. Nilisikia viatu tu. Mwanaisha alinishika shati kwa nyuma, midomo inasoma Ayatul Kursi, na katikati ya kusoma ananiambia, "Usijibu. Usijibu chochote. Twende."

Miguu yangu ilitaka kwenda. Lakini kazi yangu ndiyo hiyo: ukisikia sauti kwenye ghala tupu, hulali mpaka ujue ni nini. Nikaingia.

Uani hakuna mtu. Nikachungulia chumba cha mkono wa kushoto, kile chenye paa. Chini kumetandikwa mkeka. Pembeni ya mkeka kuna chupa ya maji iliyokwisha. Kwenye kona amejikunyata msichana, amevaa sare ya kazi za ndani, zile za maua zinazofanana na nguo za kulalia, na abaya juu yake.

Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoa roho. Kisha akasema, "Shikamoo."

Nikaitika marahaba.

"Msinirudishe kaka," akaanza kulia. "Nawaomba kwa jina la Mungu, msinirudishe."

Nitamwita Pili. Ni wa Kondoa. Alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba moja maeneo hayo. Simu yake ilichukuliwa siku aliyofika na hakurudishiwa. Alimwacha mama yake mgonjwa, na tangu hapo hakusikia lolote. Kila akimuuliza madam, anaambiwa bukra, kesho. Asubuhi ya siku ile madam alipotoka kupeleka watoto shule, Pili alipita mlango wa nyuma akatembea kufuata bahari.

"Kwa nini ukaja humu?" Mwanaisha alimuuliza. Alishaingia, lakini mkono bado uko kwenye shati langu.

"Watoto wa pale nyumbani walikuwa wakitishana kwa mji huu. Nikaona, pale ambapo wote wanaogopa, hakuna atakayekuja kunitafuta."

Kwa wasioishi huku: mfanyakazi wa ndani akiondoka bila ruhusa, mwajiri anaripoti kwamba ametoroka, na anayemficha anaingia matatani. Wote watatu tunakula kwa viza. Nikatoka mpaka kwenye gari kumweleza Kevo, nikijua kabisa atakataa, na nisingemlaumu, gari ni la kampuni.

Alikuwa amekaa na injini inawaka.

"Ni mtu?" akauliza.

"Ni mtu. Dada wa kwetu."

"Una uhakika ni mtu?"

"Amenipa shikamoo."

Akafikiri. "Aingie. Yalla, kabla sijabadilisha mawazo."

Tulikubaliana alale kwa Mwanaisha, asubuhi tumpeleke ubalozi mdogo. Tukashika barabara kuu. Pili alikuwa amekaa nyuma, amejifunika, kila gari likitupita anainama.

Mwanaisha akampa simu. "Una namba yoyote kichwani?"

Alikuwa nayo ya kaka yake. Alikuwa akiisoma kila usiku kama dua asije akaisahau. Ikaita, ikapokelewa. Akasema, "Kaka, ni Pili." Halafu akauliza swali moja tu, la mama yake. Kevo akazima redio.

Upande wa pili kukawa na kelele za kupokezana simu. Kisha tukasikia sauti ya mama mtu mzima ikisema, "Pili? Umekula?"

Sioni aibu kusema kwamba tulilia. Kevo alisingizia vumbi, na vioo vyote vilikuwa vimefungwa.

Baada ya hapo gari likawa na furaha kidogo. Mwanaisha akamkumbatia Pili akamwambia, "Ulifanya vizuri kuitika, mdogo wangu. Ungenyamaza tungeondoka zetu."

"Kuitika nini, dada?"

"Hodi. Si ulisema karibuni?"

Pili akatuangalia mmoja mmoja.

"Mimi sikuitika. Niliposikia hodi nilijiziba mdomo kwa mkono. Nilijua nimeshikwa. Ile karibuni ilitoka chumba cha ng'ambo ya ua. Nikadhani ni mwenzenu ametangulia."

Nikatoa simu, nikacheza video. Inasikika hodi ya kwanza, kicheko cha Kevo, Mwanaisha anamsema. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Na ile sauti. Ni ya mtu mzima kabisa, matamshi ya pwani. Pili ana sauti nyembamba ya kitoto. Hata kiziwi asingezichanganya.

"Mkeka je?" nikauliza. "Ulikuja nao?"

"Niliukuta umetandikwa. Na maji niliyakuta. Chupa ilikuwa haijafunguliwa."

Nilimwambia Kevo ageuze gari. Kile chumba cha ng'ambo sikukiangalia. Nilimwona Pili, nikaridhika kwamba nimepata jibu, nikatoka.

"Wee!" Kevo alisema. "Huyu tumempata. Tukirudi, tutapotea wanne."

"Yule si mtu, kaka," Mwanaisha akasema polepole. "Achana naye."

"Na kama ni mtu? Kama ni mwenzake Pili, ametukaribisha ndani na sisi tumemwacha?"

Kevo hakupunguza mwendo. Na mimi, wakuu, sikuomba mara ya pili. Jua lilikuwa linazama na nilikuwa naogopa.

Pili alifika ubalozini, taratibu zake zikashughulikiwa, sasa yuko Kondoa. Hutuma salamu. Mama yake anatembea.

Nilichojifunza: ukipata jibu la kwanza usifunge ripoti. Kagua vyumba vyote. Na la pili, Waafrika wenzangu wa huku, hofu yetu ya majini ni kubwa kiasi kwamba mtu hai anaweza kujificha nyuma yake, na pia anaweza kusahaulika nyuma yake.

Waliowahi kufika mji ule, au mnaomjua mama wa pwani aliyepotea maeneo ya Ras Al Khaimah, semeni hapa chini. Wa kutukana nao karibuni, ila mkisoma mpaka mwisho.

NYONGEZA: Wengi mmeuliza kama nilirudi. Nimerudi, off ya kwanza baada ya kuandika hapa, mchana kweupe, na Mwanaisha. Kevo alibaki parking.

Mlinzi wa eneo lile ni Mpakistani, mtu mpole. Nilimuuliza kama kuna mwanamke anakaa upande wa magofu. Akasema hakuna, yeye anazunguka kila siku. Kiswahili hajui hata neno.

Tulipiga hodi tatu. Kimya. Tukaingia. Chumba cha ng'ambo hakina paa, kina mchanga mtupu, hakuna hata unyayo.

Chumba cha kushoto, alipokuwa Pili, tuliuacha mkeka umetandikwa na chupa tupu pembeni. Sasa mkeka umekunjwa vizuri na kuegemezwa ukutani, kama unavyokunjwa wageni wakiondoka.

Pembeni yake kuna chupa ya maji imejaa, haijafunguliwa.