Gitaa la Kwenye Picha

Ukimtaka Javan Ooko siku ya kazi, usiende kwake. Nenda panapopimwa mahindi. Huu ni mwaka wa ishirini na tano akiwa fundi wa mizani, na kuanzia Eldoret mjini hadi Moi's Bridge ni maghala machache ya nafaka ambayo hajapiga magoti ndani yake, sikio likiwa karibu na chuma, akisikiliza. Mafundi wengine hutumia macho. Yeye husema mizani iliyochoka hulalamika kabla ya kuanza kudanganya, na wakulima, ambao wana sababu zao za kutoiamini mizani ya mtu yeyote, humwamini yeye.

Ila mtu makini namna hii ana udhaifu mmoja: huota mchana kweupe. Akiwa amepiga magoti hivyo, vumbi la mahindi likielea kwenye mwanga wa mlangoni, husikia besi. Dum, dum-dum, dum. Noti nene, fupi, zenye joto, ambazo hufa mapema kana kwamba kuna mtu anazifunika kwa kiganja. Mwenye ghala humwita mara mbili au tatu kabla hajaitika. Wanaomjua humwacha tu, wanasema fundi amesafiri, atarudi.

Besi hiyo ni ya baba yake. Johnstone Ooko alitoka upande wa ziwa akaja Eldoret kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, na yeye na wenzake wa zamu ya usiku wakaunda bendi. Mwaka wa 1976 walienda Nairobi wakarekodi santuri moja, na upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa kumsifu Leonida, mkewe Johnstone. Mwaka uliofuata homa ya ghafla ikamchukua Johnstone. Javan, mtoto wao wa pekee, alikuwa hajatimiza miaka miwili.

Kwa hiyo alirithi jina, santuri na picha. Katika picha hiyo Johnstone amesimama studio, suruali pana chini, nyuma yake pazia lililochorwa ndege na mawingu mawili. Mikononi ameshika gitaa la besi lenye umbo la fidla: lina mabega ya mviringo, kiuno chembamba na tumbo linalong'aa. Javan ameitazama picha hiyo miaka mingi mno. Anaweza kukuchorea lile gitaa akiwa amefumba macho, lakini uso wa baba yake humponyoka.

Mwezi wa Agosti mama yake angetimiza miaka sabini na mitano, na watu wa kanisa wangekuja nyumbani Kapsoya kwa maombi ya shukrani. Javan, ambaye hupiga besi kanisani, aliazimia kwamba siku hiyo mama atausikia wimbo wake tena, na kwa sauti ileile ya kwenye santuri. Hakutaka inayofanana nayo. Na tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuwa akimfanyia mama peke yake. Hajawahi kumsikia baba yake akizungumza, akicheka wala akimgombeza. Alitaka, walau kwa dakika tatu, asimame ndani ya ile sauti na kuitoa kwa vidole vyake mwenyewe. Kama angeikosa, hakujua baba yake angempata wapi pengine.

Utauliza kwa nini hakumwendea mama mapema. Alipokuwa na miaka saba alimuuliza baba alikuwa mtu wa namna gani. Mama akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Mtoto akaelewa kama watoto wanavyoelewa, yaani vibaya, na hakuuliza tena.

Akaanza na Felix, anayeuza na kutengeneza vyombo vya muziki ghorofani, katikati ya mji. Felix alikuwa na magitaa mawili ya umbo la fidla. Moja lilikuwa jipya, linang'aa kama kiatu cha Jumapili. La pili lilikuwa kuukuu, limewahi kupasuka ubavuni likagundishwa. Javan aliyaweka yote mawili mapajani kwa zamu, bila umeme, sikio likiwa juu ya mbao. Lile jipya lilikuwa na sauti ya kujibu haraka, kama mtu asiyesikiliza swali. Lile kuukuu lilivuta pumzi kwanza. Alienda dukani humo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ya wiki mbili mfululizo kuyasikiliza tena, mpaka mkewe Lynette akamkumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Akachukua kuukuu, akaomba likae hapohapo dukani, mama asilione kabla ya siku yake.

Felix akalivika nyuzi za zamani, zile bapa na laini zisizokwaruza kidole, kisha akaliunganisha na amplifaya mpya yenye vitufe vingi kuliko redio ya rubani. Javan akapiga. Sauti ilikuwa safi na kubwa, na haikuwa ya mtu yeyote. Aligeuza vitufe vyote kimoja baada ya kingine, akarudi alikoanzia.

"Gitaa haina makosa, boss," Felix akasema. "Ni amp. Tafuta zile za kitambo, za taa ndani. Chepsaita kuna mwalimu mmoja anayo."

Jumamosi iliyofuata Javan alienda Chepsaita na gitaa mgongoni. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi, na mahindi pande zote mbili za barabara yalikuwa yamefika kifuani, yakitoa mvuke mwembamba juani. Mwalimu Jemutai, mstaafu na mjane, alimkaribisha vizuri. Marehemu mumewe alikuwa akikodisha vyombo kwenye harusi, na katika stoo, kando ya magunia ya mbegu, kulikuwa na amplifaya nzito iliyovikwa ngozi bandia, kona zake zimeliwa na panya. Waliibeba wawili mpaka sebuleni. Jemutai akaiwasha, akamwonya asiiharakishe, kwa sababu inapata moto kama jiko.

Kwa matundu ya nyuma waliona taa zikiamka, nyekundu kidogo, kisha rangi ya chungwa. Harufu ya vumbi linaloungua ikajaa sebuleni. Javan akapiga noti moja na nywele za mikono zikamsimama. Joto lilikuwa ni lile, na ule unene alioujua tangu utotoni. Alifumba macho. Kwa muda hakuwa Chepsaita wala hakuwa na miaka hamsini, na kama mtu angemwita, asingeitika.

Lakini sikio la fundi wa mizani halidanganyiki kwa muda mrefu. Kulikuwa na jambo limezidi. Noti zilikuwa zinakawia kufa. Katika santuri kila noti ilifika, ikasema neno lake, ikakoma. Hizi zilibaki zikizunguka sebule kama wageni waliosahau kuaga. Alijaribu kuzizima kwa kiganja, akapiga taratibu, akapiga kwa dole gumba. Zilikoma, ila si kwa namna ile.

Jemutai akaleta chai. Macho hayana pazia, nayo ya Javan yakapanda ukutani. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na picha ya mwanamume mrefu mwenye kofia. Nyuma yake pazia la ndege na mawingu mawili. Mikononi gitaa la besi lenye umbo la fidla.

Javan aliweka kikombe chini. Akauliza, kwa adabu kubwa, kama mzee yule alikuwa mwanamuziki.

"Huyo ni baba yangu," Jemutai akasema, akaanza kucheka. "Mzee wa ngano. Hata makofi kanisani alikuwa anapiga nje ya wimbo. Hiyo gitaa ilikuwa ya studio. Ukiingia unachagua, gitaa ama simu."

Javan alicheka naye, kwa sababu ilikuwa nyumba ya watu. Moyoni alikuwa ameporomoka. Miaka yote hiyo alikuwa akimfuata baba yake kupitia gitaa la kukodi, lililowahi kushikwa na nusu ya Eldoret. Aliinunua amplifaya hata hivyo, maana kuiacha kungehitaji maelezo ambayo hakuwa nayo, akapata pikapu ya kumrudisha mjini. Njia nzima alitazama mashamba, na ile besi ya kichwani haikuja.

Alifika Kapsoya jua likielekea kushuka. Mambo ya kumficha mama hayakuwa na maana tena. Aliingiza amplifaya sebuleni, akaingiza gitaa, akaketi. Leonida alikuwa kwenye kiti chake akichambua mboga. Alilitazama lile gitaa, akamtazama mwanawe, na mdomo ukamcheza.

"Hiyo ni kama ya mpiga picha," akasema.

"Mama, ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeniuliza?"

Basi akauliza sasa, akiwa na ndevu za mvi, swali ambalo alipaswa kuliuliza miaka arobaini na zaidi iliyopita: baba alipiga gitaa gani, na sauti ile aliitoa wapi.

Leonida aliweka sinia la mboga kando. Safari hii hakwenda kuanua nguo. Alisimulia polepole, macho yakiwa kwenye amplifaya. Gitaa lilikuwa la bendi, ubao mtupu kama mlango wa choo, wala halikuwa na umbo la kitu chochote. Ukumbi wa wafanyakazi ulikuwa ukiibiwa, kwa hiyo vyombo vililala kwao, katika chumba kimoja, amplifaya chini ya kitanda. Ilikuwa kama hii, yenye taa, na miezi ya baridi waliota joto lake. Johnstone alitoka zamu asubuhi, na hiyo ndiyo saa pekee aliyokuwa nayo ya kufanya mazoezi. Lakini asubuhi ndiyo saa ambayo Javan alilala, maana alikuwa mtoto wa kukesha na kilio.

"Ukiamka tu, umelia mpaka saa saba," mama akasema. "Akachukua nepi yako, safi, akaikunja, akaisukuma chini ya nyuzi. Sauti ikawa ndogo. Ukalala. Kila siku hivyo."

Walipoenda kurekodi, fundi wa mitambo alimwambia aitoe nepi. Johnstone akakataa. Aliwaambia vidole vyake havijui tena kupiga bila hiyo, kwamba akiitoa mtoto ataamka Eldoret. Bendi nzima ilicheka, na waliporudi wakamsimulia Leonida. Ndiyo maana hajawahi kuvumilia kuisikiliza ile santuri akiwa amekaa. Ikilia tu, mwili wake unataka kwenda kurudishia mlango.

Machozi yalimshuka Javan na hakuyafuta. Sauti aliyokuwa akiitafuta kwenye mbao, kwenye nyuzi na kwenye taa ilikuwa ni ya baba yake akijitahidi asimwamshe yeye.

Leonida alifungua kitambaa cha kichwani, akakikunja mara nne juu ya goti, akamnyooshea. Javan alikisukuma chini ya nyuzi, karibu na mwisho wake. Akaiwasha amplifaya, na wote wawili wakangoja ipate moto, wakitazama taa zikigeuka rangi. Kisha akaanza wimbo wa Leonida tangu mwanzo. Dum, dum-dum, dum. Kila noti ilifika, ikasema neno lake, ikakoma.

Mama alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea kiti, mkono mmoja ukipapasa hewa kando yake, mahali ambapo zamani palikuwa na kitanda.

"Polepole, Johnstone," akasema. "Mtoto amelala."

Javan akapunguza sauti, akaendelea kupiga.