Mwizi wa Dukani

Bi Verna, jirani yake Twyla, alisema yule muuza risasi wa njia panda, hapo kwao Arkansas, Marekani, aliwahi kumpiga risasi bata mzinga wake mwenyewe wa plastiki, wa chambo cha kuvutia bata mzinga wa kweli mawindoni, kisha akamnyatia ili ammalizie. “Na wewe ukanunue kwake?” akamuuliza. Twyla akaenda tu, mtoto kiunoni. Mumewe yuko kwenye visima vya mafuta, na kuna kitu kinatikisa mlango wa jikoni kila giza likiingia. Mzee huyo muuza risasi ana vidole vinene kama soseji, lakini kila risasi huitikisa sikioni polepole kama anayepima yai.

“Hizi zenye chembe ndogo ndani ni za njiwa. Hizi zenye chembe kubwa ni za kulungu. Wewe unawinda nani, binti?”

“Mwizi.”

“Mnene?”

“Sijamwona.”

“Basi mnene kama mimi.” Akatoka nyuma ya kaunta akinyata, suruali ikimteremka, huku Twyla akimlenga kwa ufagio wa duka. “Haya, mimi ndiye mwizi, niko jikoni kwako. Nyuma yangu kuna nini?”

“Ukuta wa jasi. Halafu kitanda cha mtoto.”

Mzee akaacha kunyata. Nyuma yake palikuwa na gunia la chakula cha mbwa. Akalinyanyua kwa mikono miwili, ncha moja ameishika kama shingo ya kichanga, akalilaza pembeni, akalipapasa. Kisha akarudisha maboksi yote rafuni.

“Hata hizi ndogo zinapenya jasi. Nakuomba, mama, kahamishe kitanda kwanza. Ukirudi, tutaendelea na mazoezi; mwizi nitakuwa mimi tena.”