Miaka Tisa ya Kukunja Ngumi

Lori lililonipa lifti liliniacha mbele ya lango la bandari kavu, mahali ambapo makontena yamepangwa ghorofa tano ilhali bahari iko mwendo wa siku mbili. Sikumjua mtu. Kwenye dirisha dogo la kutolea kofia ngumu alikaa mwanamke mrefu mwenye mikono mipana, akanikagua kuanzia viatu.

"Unaingia au umepotea?"

"Natafuta chumba."

"Basi umepotea. Humu tunalaza makontena tu. Ngoja nitoke saa kumi, kwangu kuna chumba."

Dereva aliyekuwa nyuma yangu akacheka. "Mgeni, una bahati. Umepata hoteli ya Rubani."

Nilikaa kwake wiki tatu, na habari zake nilizipata kwa vipande, hasa jioni alipokuwa akipiga pasi sare. Jina la Rubani alilipata huko juu. Kwa miaka kumi na miwili aliendesha kreni kubwa ya yadi. Ngazi ya kibanda chake ilikuwa na vidato sitini na vinne, na akiwa kule aliweza kuweka kontena la tani ishirini juu ya jingine bila kuamsha vumbi. Wanaume waliomcheka mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu walikuwa wakimwomba awafundishe watoto wao.

Presha ilimkamata mapema, hata arobaini hajakaribia. Akapewa dawa, ikaongezwa ya pili, kisha ya tatu. Presha ikabaki palepale juu kama kuku aliyegoma kushuka darini. Misuli ikawa inamkaza, kiu haiishi, na safari za chooni zikazidi hadi wenzake wakamtania kwamba kreni yake ifungiwe bomba. Siku moja miguu ilimlegea katikati ya ngazi, akashushwa kwa kamba mbele ya yadi nzima.

Katika kila lugha ninayoongea kuna jina baya la mgonjwa asiyesaidiwa na dawa. Hapa waliliandika kwenye faili lake: mkaidi wa dawa. Kwa kanuni ya kampuni ile, mgonjwa hutunziwa kiti chake hadi apone. Mkaidi hukipoteza moja kwa moja. Rubani alishushwa akapelekwa dirishani kugawa kofia, na kamati ingekaa Ijumaa ya mwisho wa mwezi kumpa mtu mwingine kiti chake.

Ushahidi wa kwamba alikuwa akitupa vidonge ulitolewa kwa maandishi na kaka yake.

Kaka huyo ni mpimaji wa maabara katika zahanati ya kampuni. Watu humwita Mbu, na humwita hivyo kwa mapenzi, maana hajawahi kukosa mshipa. Humfunga mtu mpira juu ya kiwiko, kisha humwimbia: "Kunja, kunjua, kunja, kunjua, karibu damu!" Ngumi ikikunjwa na kukunjuliwa, mshipa husimama wenyewe. Kwa miaka tisa alimtoa dada yake damu kwa wimbo huo, na kwa miaka tisa karatasi ya majibu ilionyesha kwamba potasiamu yake, madini yanayoendesha misuli, haina tatizo. Hakuna daktari aliyeona haja ya kutafuta zaidi ya vidonge.

Miezi miwili kabla sijafika, Rubani alitumia likizo yake kwenda hospitali ya rufaa, peke yake. Alipokaa kwenye kiti cha kutolea damu, mkono wake ulianza kazi bila kuambiwa. Nesi akaushika.

"Mama, tulia. Nani kakufundisha hivyo?"

"Si ndivyo inavyofanywa?"

"Hapa hatufanyi. Legeza mkono."

Damu ya mkono uliolegezwa ilionyesha potasiamu ya chini mno, hata daktari akauliza mgonjwa huyu alikuja kwa miguu yake au alibebwa. Ngumi inayokunjwa mpira ukiwa umekaza hukamua potasiamu kutoka kwenye misuli na kuiingiza katika damu inayochotwa, na upungufu wote ukajificha. Vikafuata vipimo vya homoni, kisha picha. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia. Ya kushoto ya Rubani ilikuwa na kivimbe kisichozidi punje ya harage, na daktari alishuku kwamba hicho ndicho kilichokuwa kikimwaga homoni ya aldosteroni bila kuamriwa na mtu. Homoni hiyo ikizidi, mwili hushikilia chumvi na kuitupa potasiamu. Presha hupanda, misuli hulegea.

"Vidonge vyangu nilikuwa nameza vyote," aliniambia, pasi ikiwa hewani. "Vyote. Hata siku za kutapika."

Kilichobaki kilikuwa kupitishiwa mrija mwembamba pajani hadi kwenye mshipa wa kila tezi, damu ichotwe humo, ijulikane kwa hakika kama mkosaji ni ya kushoto peke yake. Ikiwa ndivyo, itolewe. Ikiwa ni zote mbili, hakuna kisu, atatumia dawa ya kuizuia homoni hiyo maisha yake yote. Hospitali ilimpangia Alhamisi, siku moja kabla ya kikao cha kamati. Barua ya daktari ilishafika kampuni. Ofisi ikamjibu kwamba ugonjwa wameuelewa, ila ushahidi wa ukaidi unafutwa na aliyeutoa tu. Rubani akamwomba kaka yake aandike barua ya kuufuta.

Alhamisi asubuhi gari la hospitali lilipiga honi barabarani. Mbu alikuwa ameshafika, ana begi na blanketi jipya. Nilikuwa barazani na kikombe changu.

"Dada, nakusindikiza. Wanataka ndugu."

"Barua umeleta?"

"Tuzungumze njiani."

"Kaka, barua umeleta?"

Mbu aliweka begi chini. "Nikisema nilikosea kuhusu vidonge, wataniuliza na damu. Damu ya watu wangapi nimeitoa? Mwezi ujao wananipa ukuu wa maabara. Ngumi ni kosa la kazi, dada, sikulijua. Nakuapia."

"Ngumi nilishakusamehe. Wewe na mimi wote tulifundishwa hivyo. Nakuuliza vidonge. Uliniona lini nikitupa?"

Honi ikapigwa mara ya pili.

"Sikukuona. Presha haishuki, karatasi iko sawa... nikajumlisha. Niliogopa utaanguka kutoka kule juu."

"Ungeniambia unaogopa. Ningeshuka mwenyewe, kwa sababu yako. Ukaenda kuwaambia wao kwamba mimi mwongo, na mama ukamwambia, na mama kafa anajua hivyo."

"Nitaandika ukirudi. Haki ya Mungu."

"Kikao kesho, kaka."

"Undugu haufi kwa karatasi."

"Undugu ni kufaana," akasema Rubani, na sauti yake ilikuwa ile ya dirishani, ya kumpa mtu kofia. "Kufanana tunafanana, hilo halina ubishi. Tazama pua."

Alinikabidhi funguo za nyumba, akaniambia maji hufungwa saa nne, nijaze ndoo. Mbu alilitanguliza begi lake garini, akapanda, akajisogeza hadi dirishani ili kumwachia dada nafasi. Rubani alisimama mlangoni mwa gari.

"Shuka."

"Nani atakuwa nawe huko?"

"Shangazi atanipokea getini. Shuka, kaka, unawachelewesha."

Akashuka na begi lake. Blanketi alilisahau juu ya kiti, na Rubani akalitoa, akalikunja mara mbili, akampa mikononi bila kumtazama. Kisha akapanda, akavuta mlango mwenyewe, na gari likaondoka kuelekea barabara kuu.